Asmahani na Wazee Wasioumwa

Ukimtaka Asmahani binti Mabruki, nenda Gongoni, mjini Tabora, uulize nyumba yenye cherehani barazani. Watakuonesha hata wasiokujua. Miaka arobaini na mitatu yuko pale pale, anashona kanzu, madera, sare za shule na mapazia ya maharusi. Akikwambia nguo itakuwa tayari Ijumaa, basi Ijumaa uje na begi lako. Akikwambia mshono huo haulifai umbo lako, neno hilo nalo ni kweli. Bora ulimeze uende zako.

Kushona amekurithi. Babu wa babu yake, Mzaramo, alifika Tabora na msafara kutoka Bagamoyo, amejitwisha robota la nguo. Mguu ukamvimba. Wenzake wakaendelea na safari ya Ujiji, yeye akabaki na sindano moja na kipande cha kitambaa cha marekani. Tangu siku hiyo ukoo mzima umekula kwa uzi.

Sasa nikupe siri ambayo Gongoni nzima ilikuwa haijui. Kwa muda wa mwaka mmoja hivi, jicho la kulia la Asmahani lilikuwa limeingia ukungu, na la kushoto lilikuwa njiani kulifuata. Fundi wa miaka sitini na saba hakosi ujanja. Uzi wa cherehani hakuuacha uishe: aliunga mpya kwenye mkia wa ule wa zamani, akauvuta taratibu mpaka upite. Sindano ya mkono aliwapa wateja. "Hebu nitungie, mwanangu, mikono yangu ina mafuta." Wateja wakatunga, na hakuna aliyejiuliza mafuta gani hayo yasiyokauka mwaka mzima.

Kwa nini alificha? Kwa sababu ya Zamda, binti yake wa pekee, aliyekuwa na kazi nzuri Dodoma na nyumba yenye chumba cha wageni. Chumba kile kilikuwa kinamsubiri Asmahani kama kaburi lililokwisha kuchimbwa, nami nasema hivyo kwa sababu ndivyo mwenyewe alivyokiona. "Siku ukianza kuumwa, mama, nakuja kukuchukua siku hiyo hiyo," Zamda alisema, na alikuwa anasema kwa mapenzi. Asmahani alijiona kwenye kochi la watu, mikono imelala mapajani, anaambiwa apumzike. Alitaka kuzeekea kwenye baraza yake, basi. Kwa hiyo kila alasiri simu ilipolia mazungumzo yalikuwa yale yale.

"Shikamoo mama. Hujambo?"

"Marahaba. Sijambo kabisa, mwanangu. Lile dera la Idi limekukaa?"

"Limenikaa kama nilipimwa, mama."

Wakaagana, kila mmoja ameridhika.

*

Asmahani alikuwa pia mwenyekiti wa Klabu ya Bega kwa Bega. Ni watu ishirini, wanakutana Jumamosi kwenye darasa la shule ya msingi, wanachangishana nguvu kwa jambo moja kila mwaka. Mwaka juzi walijenga vyoo vya shule. Mwaka jana walipanda miti, mbuzi wakaila. Mwaka huu wakasema: wazee.

Katibu wao alikuwa Julieth, binti wa miaka ishirini na tisa, mfanyakazi wa benki aliyehamishiwa Tabora kutoka Moshi. Julieth alipenda mambo yaende kwa utaratibu, na tuseme ukweli, bila yeye klabu ingekuwa kijiwe tu. Ndiye aliyemwalika Elieth, muuguzi mstaafu aliyesimamia makazi ya wazee kwenye njia ya kwenda Isikizya. Elieth aliwafundisha Jumamosi tatu mfululizo. Aliwaonesha namna ya kumgeuza mtu kitandani bila kumvunja wala kujivunja. Akawaambia mzee husahau kiu, kwa hiyo apewe maji kabla hajaomba, na mwenye kisukari akaguliwe nyayo kila siku, maana kidonda chake hakiumi mpaka kimeshakula mguu.

Jumamosi ya nne aliwapeleka makazini kwake wakaone. Palikuwa pasafi. Vitanda vimetandikwa, wazee watatu wanachambua maharage kivulini, redio inasema peke yake. Asmahani alikagua shuka kwa vidole, akaona pindo zimeshonwa vizuri. Alikuwa anajiandaa kusifu pale bibi mmoja alipomshika kanga.

"Umetoka mjini? Nyumba za mtaa wa Ng'ambo bado zipo?"

"Zipo, bibi. Zimejaa tele."

"Yangu ilikuwa na mlango wa bluu," bibi akasema, kisha akarudi kwenye maharage yake.

Asmahani aliumia. Hakuona kosa kwa Elieth wala kwa makazi; wako wasio na mtu, na pale wanapata chakula cha moto na mkono wa kuwageuza. Lakini alirudi mjini ameapa kwamba mwenye mlango wake, bluu au mwekundu, klabu itamsaidia abaki nao.

Wiki iliyofuata Julieth akaleta daftari na kanuni tano. Wazee kumi na wanne wa Gongoni na Ng'ambo watatembelewa mara mbili kwa wiki. Mtembeleaji avae fulana ya kijani ya klabu. Tatu, lugha iwe ya staha, na pasiwe na utani na mzee. Aliposoma hiyo ya tatu, wazaliwa wa Tabora walitazamana. Lakini mwenyekiti alikuwa Asmahani, na mwenyekiti hawezi kuwa wa kwanza kupinga kanuni. Akanyoosha mkono kuikubali, na mikono mingine kumi na minane ikaufuata.

Lilikuwa kosa, na nitakwambia kwa nini. Mzee aliyeangukia mikononi mwa Asmahani alikuwa Mahona, miaka sabini na tisa, Mnyamwezi wa damu, fundi wa reli mstaafu, mjane anayeishi peke yake Ng'ambo. Na Mnyamwezi kwa Mzaramo ni mtani. Waliupata utani huo njiani, pwani mpaka bara, wakibebeana mizigo na kuzikana porini. Mtani anaweza kukutukana hadharani ukacheka. Anaweza kukamata kuku wako akaondoka naye. Siku ya msiba wako yeye ndiye atavaa koti lako na kuigiza mwendo wako mbele ya waliaji mpaka wacheke, kisha adai ujira wake. Miaka thelathini Asmahani na Mahona hawakuwahi kupishana barabarani bila kutukanana.

Sasa akamwendea na fulana ya kijani na daftari.

"Shikamoo mzee."

Mahona alimtazama kama aliyeona mbuzi amevaa viatu. "Marahaba," akajibu.

"Hujambo?"

"Sijambo."

"Umekula?"

"Nimekula, namshukuru Mungu."

Asmahani akaandika: *hajambo, amekula.* Aliandika kwa herufi kubwa, nawe unajua kwa nini. Wiki sita akaandika hivyo hivyo. Mzee alikuwa ameketi kwenye kigoda chake, shuka magotini, miguuni mabuti ya mpira. Ilikuwa Oktoba, jua la kukausha mate, na mtu amevaa mabuti ya mvua. Zamani Asmahani angemuuliza kama anasubiri gharika. Lakini kanuni ni kanuni.

*

Jumamosi ya mwisho wa Oktoba Elieth alirudi kuwatazama wanafunzi wake. Julieth akamkabidhi daftari kwa mikono miwili. Elieth akafunua ukurasa, akafunua mwingine, akavua miwani.

"Wazee kumi na wanne," akasema. "Wiki sita. Hakuna hata mmoja aliyeumwa kichwa?"

Julieth akatikisa kichwa.

"Mimi kwangu ninao ishirini na wawili, na kila asubuhi kuna anayelia goti, kuna anayelia tumbo. Hawa wenu mnawapa dawa gani? Nataka na mimi ninywe."

Darasa likacheka. Julieth akaona haya. Asmahani hakucheka, kwa sababu alikuwa ameisikia sauti yake mwenyewe, ile ya alasiri, *sijambo kabisa, mwanangu.* Alijua imetengenezwa kwa nini. Uongo ule una adabu, umeoga na kuchana nywele, na mtu aliyekuja na shikamoo hana ruhusa ya kuukanusha. Ukimwamkia mzee kwa heshima naye akasema hajambo, utamwambia nini? Kwamba anadanganya?

Kisha akakumbuka mabuti.

Kesho yake asubuhi aliiacha fulana kwenye kamba ya nguo. Alijifunga kanga mbili, akaenda Ng'ambo, na alipofika uani hakubisha hodi.

"We pagazi!" akapaza sauti. "Umekufa au unatega? Nimekuja kurithi!"

Mahona akatoka ndani na mabuti yake, akaketi kwenye kigoda. Kisha sauti yake ikatoka, na ilikuwa sauti ambayo Asmahani hakuwa ameisikia kwa wiki sita.

"Mzaramo! Kumbe bado unao ulimi? Nilidhani klabu yenu imeukata!"

"Ulimi ninao. Vua mabuti."

"Kwani mvua imekatika?"

"Mahona, vua mabuti."

"Sijambo, mimi."

"Sikukuuliza hujambo. Wiki sita nimekuuliza hujambo kama mkwe wako, ukanipiga chenga. Leo nimekuja kama mtani. Utavua mwenyewe au nikuangushe hapa majirani waone?"

Akapiga magoti, akashika buti la kushoto. Mahona akalishika na yeye. Wakavutana, mwanamke wa miaka sitini na saba na mwanamume wa sabini na tisa, na kuku wakakimbia. Ghafla mzee akaachia. Buti likatoka, na harufu ikatoka nalo.

Asmahani hakuhitaji macho mazuri. Kidole kidogo kilikuwa cheusi. Chini yake palikuwa na kidonda kilichoingia ndani kama tundu la panya. Mahona alikuwa amekanyaga msumari mwezi wa nane na hakusikia maumivu. Alipouona alifunga kitambaa, akafunika kwa buti.

"Kashindye akijua atanipeleka kwake Kahama," akasema polepole. Kashindye ni mwanawe. "Au mtanipeleka kwa yule mama wa Isikizya. Mimi nyumba hii niliijenga kwa mikono yangu, binti Mabruki. Nikitoka hapa sirudi."

Asmahani aliyajua maneno hayo neno kwa neno. Alikuwa karibu kulia, na mtani hamlilii mtani akiwa hai. Kwa hiyo akafoka.

"Na mimi je? Hukunifikiria? Miaka thelathini najifunza mwendo wako nije nikuigize msibani, jinsi unavyonesa kama jogoo aliyelowa. Nimeshaujua wote. Leo unataka ukatwe mguu nianze kujifunza upya, kwa umri huu? Mficha maradhi kifo humuumbua, na kikikuumbua wewe kitaniharibia kazi mimi!"

Mahona alianza kucheka. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, na si yote yalikuwa ya kicheko. Kisha akanyoosha mkono ainuliwe.

Bajaji iliwafikisha hospitali kabla ya saa nne. Daktari alisema wangechelewa wiki nyingine angekuwa anazungumzia mguu mzima. Wakaondoa kidole kimoja, wakaosha kidonda, wakamlaza siku kumi na mbili. Asmahani alipotoka hospitali alirudi Ng'ambo kufunga nyumba, na kwa kuwa kazi ya mtani haiendi bure, akakamata jogoo mkubwa wa Mahona akaondoka naye kwapani.

*

Jumamosi iliyofuata alisimama mbele ya klabu.

"Kanuni ya tatu nimeivunja," akasema. "Na leo naomba ifutwe."

Julieth alikuwa na hoja zake, akazitoa zote. Kwao mtu akimwita mzee pagazi, kikao cha ukoo kinaitishwa. Asmahani alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamweleza habari ya buti. Wazee wenzake wakaongeza: mjukuu naye anaruhusiwa utani kwa babu, shemeji vilevile. Katika wazee kumi na wanne hakuna asiye na mtu wa kumtania. Julieth akageuza daftari, akachora upya. Pale palipokuwa na safu ya *Hali ya mzee* akaandika: *Nani anamtania?*

Ndani ya wiki mbili daftari likajaa magonjwa, na Elieth akalisifu. Kati ya wazee kumi na wanne, tisa walikuwa na jambo. Bibi mmoja alikuwa anakula siku moja anaruka siku moja ili asiwasumbue wanawe. Babu mwingine alikuwa ameacha dawa za presha kwa sababu hakuweza kufungua kifuniko. Si mambo makubwa. Ilitosha mtu mmoja ajue.

Kashindye alikuja kutoka Kahama na gari la kukodi, tayari kumbeba baba yake. Alikuta ratiba imebandikwa ukutani: nani anasafisha kidonda Jumatatu, nani analeta maji, nani anapima sukari Alhamisi. Elieth mwenyewe alikuwa ameisaini. Kijana akaisoma mara mbili, akamtazama baba yake aliyekuwa anawatukana wanaklabu mmoja baada ya mwingine kwa afya njema kabisa. Akarudi Kahama na gari tupu.

Unaweza kudhani Asmahani, baada ya kuona yote hayo, alikwenda moja kwa moja kuinua simu. Hakwenda. Nyani haoni kundule. Aliendelea kuunga uzi, na alasiri aliendelea kuwa hajambo kabisa.

Mwisho wa Novemba, mvua za kwanza zimekwisha kunyesha, Mahona alikuja Gongoni kwa miguu yake. Alikuwa na fimbo, kandambili, na vidole vinne vilivyotazama nje kwa fahari. Mkononi alishika suruali iliyokunjwa. Asmahani alikuwa amempindia mzee alipolazwa hospitali, zawadi ya kutoka salama.

"Nimekuja kudai jogoo wangu," akasema.

"Nilimla siku ile ile. Alikuwa mgumu kama mwenyewe. Karibu, keti. Mguu?"

"Unauma, hasa usiku. Nimelala vibaya na leo sijapata choo. Umeona ninavyojibu siku hizi?" Akaketi. "Na wewe je?"

"Mimi sijambo."

"Sikukuuliza hujambo," Mahona akasema. Akaikunjua suruali mapajani mwake. Ilikuwa ya kaki, na pindo zote mbili zilikuwa zimeshonwa kwa uzi wa kijani kibichi. "Nilipokuwa wodini uliimimina chai pembeni ya kikombe. Nikasema huyu ana haraka. Karatasi ya daktari uliisaini kwenye maandishi yake. Nikasema huyu ana wasiwasi. Lakini fundi wa Gongoni kushona kaki kwa kijani, hapana. Chukua sindano. Tunga uzi hapa mbele yangu."

"Mikono yangu ina mafuta."

"Nioneshe mafuta."

Asmahani alichukua sindano kwa hasira. Akaiinua kwenye mwanga, akailoanisha ncha ya uzi, akajaribu. Akajaribu tena. Uzi ulipita kulia, ukapita kushoto. Mahona hakusaidia, wala hakucheka. Mara ya saba sindano ikamponyoka, na hakujua imeangukia wapi.

"Mkuki kwa nguruwe," mzee akasema kwa upole ambao hakuwahi kumpa miaka thelathini. "Mpigie Zamda."

"Atanichukua."

"Kashindye alinichukua?"

Asmahani alipapasa simu mezani, na kwa kuwa ilikuwa alasiri, ikalia kabla hajabonyeza.

"Shikamoo mama. Hujambo?"

"Marahaba." Alivuta pumzi. "Sijambo wapi, mwanangu. Sioni. La kulia limekwisha kabisa, la kushoto nalo linakwenda. Sasa sikiliza kabla hujalia. Klabu yetu inamjua daktari wa macho, watanipangia siku. Njoo unishike mkono, unipeleke, halafu urudi kazini kwako. Dodoma siendi. Mimi na baraza yangu hatuachani, nikiona au nisipoona."

"Mama," Zamda akasema, "lile dera la Idi. Mikono yote miwili uliishona ya kushoto."

Asmahani aliduwaa. "Nawe ukalivaa?"

"Nimelivaa mpaka msikitini."

"Mbona hukuniambia, mwanangu?"

"Nilikuuliza, mama. Kila siku nilikuuliza. Ukasema hujambo."

Asmahani alifuta macho kwa ncha ya kanga, yote mawili, linaloona na lisiloona. Mahona aliinama chini ya cherehani akitafuta sindano.

"Lilete hilo dera," Asmahani akasema. "Nikitibiwa nitalifumua, nilishone upya hapa hapa."